Setelaiti Hailioni Lori Lako

Nafanya kazi katika ofisi ya usafirishaji hapa Moshi, tunakopakia kahawa na parachichi za kupeleka bandari za Tanga na Dar es Salaam, na wateja huniuliza swali hili kuliko yote: "Si mna setelaiti inayoliona lori langu? Mbona hamjui liko wapi?" Wana haki ya kuuliza, maana wamelipia ufuatiliaji wa mzigo, ila setelaiti hailioni lori la mtu yeyote, na anayeelewa jambo hilo huisoma ramani tunayomtumia kwa utulivu zaidi.

Setelaiti za GPS, mfumo unaomilikiwa na Marekani, huzunguka dunia zikiwa juu kwa takriban kilomita 20,200, na kazi yake kubwa ni kutangaza saa. Kila moja imebeba saa za atomiki, nayo hurusha mawimbi ya redio yanayoeleza ilipo na wakati mawimbi hayo yalipoondoka. Kifaa kilichofungwa kwenye lori husikiliza tu. Kikiyapata mawimbi ya setelaiti 4 au zaidi, hupima yamechukua muda gani kufika, kisha hukokotoa mahali kilipo. Kwa kuwa mawimbi husafiri karibu kilomita 300,000 kwa sekunde, saa ikikosea kwa sehemu moja ya milioni ya sekunde, umbali unapotoka kwa mita 300. Hata nadharia ya Einstein imo humo: saa zilizoko huko juu hutangulia za ardhini kwa takriban mikrosekunde 38 kila siku, na zisingerekebishwa, ramani yangu isingefaa kitu kabla ya jioni. Isitoshe, hadi Mei 2000 Marekani ilikuwa ikiyapunguzia makusudi usahihi mawimbi ya raia, kosa likafikia hata mita 100, kiasi cha kutosha kukufanya usijue kama lori limeingia yadi au bado liko barabarani.

Kutoka hapo setelaiti haihusiki tena. Kifaa kina laini ya simu kama yako na yangu, na hutuma taarifa kupitia minara ya kawaida. Ndiyo maana lori likishapita Same na kuingia mahali ambapo mtandao ni hafifu, alama yake huganda kwenye skrini kana kwamba dereva amejilalia, kisha huruka mbele ghafla, na taarifa zote zilizokuwa zimehifadhiwa hujipanga nyuma yake. Kabla ya kupiga simu ya hasira, ambayo haitampata dereva kwa kuwa naye hana mtandao, mimi hutazama maandishi madogo yaliyo kando ya alama. Yakisema saa 8:12 mchana, kilomita 62 kwa saa, injini inawaka, basi lori lilikuwa linatembea, nami nangoja. Yakisema kasi sifuri na injini imezimwa, hapo ndipo ninapoanza kuulizia.

Mabasi ya mikoani nayo hufuatiliwa na LATRA, mamlaka inayodhibiti usafiri wa ardhini nchini, kwa njia hiyo hiyo, na dereva anayevuka kilomita 80 kwa saa hujulikana bila askari kujificha kwenye kona.

Baharini mambo hubadilika kidogo. Meli za tani 300 na zaidi zinazofanya safari za kimataifa hulazimika kuwa na mtambo wa AIS, unaotangaza jina la meli, mahali ilipo, kasi na uelekeo wake. Vituo vya pwani huyasikia matangazo hayo kwa makumi machache tu ya kilomita. Katikati ya bahari, ni setelaiti zinazoyapokea. Kuanzia mwishoni mwa 2023, meli nyingi zilipoikwepa Bahari ya Shamu na kuzunguka Rasi ya Tumaini Jema, mnunuzi wa Ulaya aliweza kuona mapema kwamba mzigo wake utachelewa, akapanga upya soko lake. Hata hivyo mtambo huo unaweza kuzimwa, na mawimbi ya GPS ni dhaifu kiasi cha kuweza kughushiwa: Juni 2017, meli kadhaa zilizokuwa Bahari Nyeusi zilionyeshwa ziko kwenye uwanja wa ndege.

Kwa hiyo siku hizi simtumii mteja ramani peke yake. Naambatanisha saa ya taarifa ya mwisho, na kwa parachichi naongeza jotoridi la ndani ya kontena, ambalo hutumwa na kifaa hicho hicho. Lori likisimama Korogwe huku jokofu likisoma nyuzi 5, tunaweza kusubiri hadi kesho yake. Likisoma 12 na bado linapanda, simu ya kwanza naipiga kwa fundi wa jokofu, ya pili kwa mteja.