Nne imeenda wapi?

Jumapili nilikuwa jikoni nasubiri maziwa yachemke, miguu inajichezea yenyewe sakafuni, kumbe na mdomo nao unahesabu. "Moja, mbili, tatu... tano, sita, saba." Binti yangu yuko darasa la kwanza, na siku hizi anahesabu kila kitu humu ndani mpaka vifungo vya shati langu. Akanitazama kwa huruma. "Baba, nne imeenda wapi?" Nikamwambia nne ipo, ila haikanyagwi. Maziwa yakafoka.

Hesabu hiyo ni ya salsa, dansi niliyoianza nikiwa na miaka 44. Darasa lilikuwa Jumatano jioni, ghorofani juu ya mgahawa mmoja Msasani, nami nilikwenda kifua mbele. Mtu aliyekulia kwenye dansi la bendi zetu, Msondo na Sikinde, afundishwe nini? Isitoshe salsa na dansi letu ni ndugu: santuri za Kuba zilifika Kongo tangu miaka ya 1930, Wakongo wakazipigia magitaa mpaka zikawa zao, na sisi tukachota kwa Wakongo. Salsa ni binamu aliyekulia New York. Nilijiona naenda kumsalimia tu.

Wiki mbili za mwanzo tulicheza mmoja mmoja mbele ya kioo. Hizo tuziache.

Wiki ya tatu mwalimu akasema kila mtu ashike patna. Mbele yangu akasimama binti wa miaka ishirini na kitu, kitambulisho cha kazini bado kinaning'inia shingoni. Nikanyoosha mkono. Yeye akakunja goti kidogo, kama alivyolelewa kwao.

"Shikamoo anko."

"Marahaba."

Haya, sasa mshike.

Mkono wa kushoto hauna tabu, unapokea tu kiganja chake. Tabu ni wa kulia. Huo unatakiwa utulie kwenye bapa la bega lake, vidole vimebanana, maana ndio usukani; bila huo mwenzio hajui mnaelekea wapi. Wangu uligoma. Ukasimama hewani, nusu shibiri kutoka kwenye blauzi, kama wa mtu anayepima kama pasi imepata moto. Muziki ukaingia, nikapeleka mguu wa kushoto mbele, yeye akabaki palepale, nikamkanyaga. "Samahani mwanangu." Mwanangu! Ndiyo nikazidi kuharibu.

Nikajipa moyo kwamba chemko haliko mbali. Kwenye dansi letu mnashikana pale mwanzoni kwenye rumba. Magitaa yakishachemka kila mtu anamwachia mwenzie, anahangaika na kiuno chake. Tarumbeta zilipopanda nikasema ndilo hili, nikamwachia. Akabaki ameshika hewa.

"Mzee, hatujaachiana bado!" mwalimu akapaza sauti, na darasa zima likageuka.

Binti akacheka, wala si kwa dharau. Akaushika mkono wangu wa kulia kwa vidole viwili, kama anavyoshikwa mtoto anayetaka kugusa jiko, akauweka mgongoni kwake. "Hapa, anko. Ukiuinua mimi sisikii kitu." Tukaanza upya. Moja, mbili, tatu, na pale kwenye nne, kupitia kiganja, nikasikia anavuta pumzi. Ananisubiri. Mimi nimezoea dansi ambalo hakuna anayesimama, sikujua pale katikati pana nafasi ya mtu kupumua. Nikapumua na mimi. Kisha nikamkanyaga tena.

Nilidumu miezi mitano, nikaacha kwa sababu ya goti, au niseme goti lilinipa sababu. Yule binti hakuacha shikamoo hata Jumatano moja, na kila Jumatano mkono wangu ulihitaji nusu wimbo kabla haujatua. Nilikuwa najiambia ni heshima. Sina hakika.

Jioni ile ile ya maziwa, mtoto akarudi. "Na nane je?"

Nayo haikanyagwi, nikamwambia.

Akaenda moja kwa moja kumweleza bibi yake kwamba baba hajui kuhesabu.