Foowili iliyogoma kwenye utelezi wa Lukozi

Aprili, masika yakiwa yamekolea, nilikuwa nashusha kabichi kutoka shamba moja juu ya Lukozi, wilayani Lushoto. Njia za mashambani huku ni udongo mwekundu, na ukinyeshewa unateleza kama sabuni. Kwenye kona moja ya mlima pikapu ikaanza kurudi nyuma yenyewe. Nikavuta kigingi cha foowili, yaani cha kufanya tairi zote nne zivute. Taa ya kijani kwenye dashibodi ikawa inawaka na kuzima, inawaka na kuzima, haitulii. Tairi za nyuma zinachimba, za mbele zimetulia tu. Tukapunguza nusu ya mzigo, vijana wakasukuma, mzee mwenye shamba akatukatia matawi ya kutandika chini ya tairi. Tulitoka saa kumi na mbili jioni, kabichi nyingine zimelala kwenye tope.

Kesho yake fundi alinisikiliza dakika mbili tu, akasema, "Kaka, hiyo transfa imekwisha. Tuishushe." Transfa ni boksi la gia linalogawa nguvu ya injini kwa tairi za mbele na za nyuma. Gharama aliyonitajia ni mzigo wa wiki kadhaa. Nilikosa amani. Transfa ife bila kelele, bila kuvuja oili, na kigingi kinaingia vizuri vilevile? Nikamwomba anipe siku mbili.

Foowili ya gari kama langu ina sehemu mbili, na zote lazima zishike. Transfa hupeleka nguvu kwenye propela ya mbele, ule mhimili mrefu unaozunguka chini ya gari. Halafu pembeni mwa difu ya mbele, boksi la gia linalogawa nguvu kwa tairi mbili za mbele, kuna kiungo kinachounganisha ekseli ya upande mmoja. Ukiwa kwenye tairi mbili kinaachia, ili propela isizunguke bure. Kiungo hicho huvutwa na vakyumu, yaani nguvu ya kunyonya hewa, inayotoka kwenye pampu iliyofungwa nyuma ya alteneta, mashine inayochaji betri, ikapita kwenye valvu mbili ndogo za umeme, kisha mipira miwili myembamba (mmoja wa kuunganisha, mwingine wa kuachia) hadi kwenye kikopo chenye ngozi ya mpira ndani, kilichokaa juu ya difu. (Kama gari lako lina habu za kufunga kwa mkono, yaani vifungio vilivyo katikati ya tairi za mbele, anza kuzitazama hizo.)

Basi nikaegesha mahali tambarare, nikaweka mawe mbele na nyuma ya tairi za nyuma. Nikawasha injini, nikaweka foowili, nikasubiri kidogo, nikazima na kuacha gia ya kwanza. Nikanyanyua tairi zote mbili za mbele kwa jeki na kuziegemeza kwenye magogo imara. Nikaingia uvunguni kushika propela ya mbele: haizunguki hata kidogo. Maana yake transfa imeshika. Kisha nikazungusha tairi ya mbele ya kulia. Kama ekseli imeungana, ya kushoto ingezunguka kinyume chake. Haikutikisika. Nilikaa pale chini nikishukuru Mungu, kwa sababu ugonjwa ulikuwa kwenye difu ya mbele au kwenye ile mipira, na transfa ilikuwa nzima.

Pampu yenyewe sikuishuku, kwani kwenye gari langu ndiyo hiyohiyo inayosaidia breki, na pedali haikuwa nzito. Nikashusha gari, nikawasha injini na kuliacha kwenye nyutro, handibreki juu. Nikachomoa mpira wa upande wa kuunganisha pale kwenye kikopo, kijana wangu akavuta kigingi. Nikaziba tundu la mpira kwa kidole. Ilitakiwa kidole kinyonywe. Nilisikia kama pumzi ya mtoto aliyelala. Nikarudi juu, kwenye valvu zilizofungwa karibu na betri. Kigingi kikivutwa, valvu inalia "ta!", na nikichomoa mpira palepale inanyonya hadi ngozi ya kidole inaingia ndani. Kwa hiyo vakyumu inapotea katikati, kati ya valvu na difu.

Nikaufuata mpira kwa vidole, sentimita kwa sentimita, maana kwa macho ulionekana mzima. Chini ya kibanio cha bati kinachoushikilia kwenye chasisi, kidole kikazama. Mpira ulikuwa umekauka na kupasuka kwa urefu, kama kucha mbili hivi, na ufa umeziba kwa tope jekundu. Ukiukunja, ufa unafunguka kama mdomo. Injini ikiwaka ulikuwa unavuta maji na matope. Hata ncha ya kwenye kikopo niliikuta na uchafu.

Duka la spea Lushoto mjini waliniuzia mpira wa vakyumu wa unene uleule, wanakata kwa mita. Nikabadilisha yote miwili, kwa sababu wa pili nao ulikuwa mkavu. Kibanio nikakifunga kipande cha tyubu kisiukate tena. Kikopo nikakisafisha, nikakijaribu kwa kunyonya kwa mdomo na kuziba kwa ulimi: ulimi ulibaki umenaswa, ngozi haivuji.

Siku hizi kila baada ya wiki mbili naingiza foowili kwenye barabara ya vumbi, naenda mita mia kadhaa ili kiungo kisigande. Kwenye lami kavu siiweki kabisa. Tairi za mbele na za nyuma zinavutana kwenye kona, na hapo ndipo transfa huumia kweli.

Jumamosi iliyofuata mvua ilinyesha tangu alfajiri. Kwenye kona ileile nilisimama, nikavuta kigingi, nikahesabu hadi tatu. Taa ilimetameta mara mbili, ikatulia. Mzee alikuwa amesimama ukingoni, panga mkononi, matawi ameshayakata.