Nilivyorekodi jazi huru kwa maikrofoni mbili tu

Kila niliyemwomba ushauri aliniambia jambo lilelile: wanamuziki wanne, maikrofoni zisizopungua nane, na mengine yatarekebishwa baadaye kwenye kompyuta. Ushauri huo huenda unaifaa bendi inayojua wimbo wake utaanzia wapi na kuishia wapi. Mimi nilikuwa na kwateti ya saksofoni, tarumbeta, besi ya kusimama na drams, inayobuni kila kitu papo kwa papo mbele ya watu; usiku wa kwanza nikautii ushauri ule kwa moyo mmoja, nikaharibu kazi yote.

Nilimwomba mpiga drams apige kwa nguvu zake zote ili nipime kiwango cha sauti. Alipiga kwa adabu, kama mgeni anayebisha hodi, nami nikaridhika. Onyesho lilipochangamka aliling'oa toazi, akalilaza juu ya ngoma, akalichapa kwa kitako cha fimbo. Taa nyekundu za kinasa sauti zikawaka zote, na sauti iliyozidi kikomo ikakatwa vilele katika rekodi ya kidijitali haina dawa. Maikrofoni ya besi nayo ilijaa drams kuliko besi yenyewe. Kwa kuwa sauti huchukua takriban milisekunde 3 kusafiri mita moja, kila pigo lilizifikia maikrofoni nane kwa nyakati tofauti, na nilipozichanganya likasikika kama limepigwa ndani ya pipa.

Usiku wa pili nilikodi maikrofoni mbili zinazofanana, kwa fedha kidogo mno kuliko zile nane, nikazifunga kwa mtindo wa ORTF uliotoka katika redio ya taifa ya Ufaransa: sentimita 17 kati yake, zikitazama nje kwa pembe ya digrii 110. Nilipima kwa uzi wenye mafundo mawili na kipimapembe cha mwanafunzi, wanamuziki wakacheka.

Hila ninayojivunia ni ya kutafuta mahali pa kuziweka. Walipokuwa wakipasha vyombo moto niliziba sikio moja kwa kiganja, nikafumba macho, nikatembea polepole mbele yao, maana sikio likiwa peke yake hupoteza sehemu kubwa ya ujanja wa kuchagua linachotaka kusikia, likakaribia kuwa maikrofoni. Hatua moja mbele, tarumbeta iliimeza besi. Hatua mbili nyuma, ukumbi uliwameza wote. Hata nilipopata mahali pazuri besi ilikuwa bado hafifu, hivyo nikamsihi mpigaji asogee mbele kidogo, na huo ndio ukawa uchanganyaji wangu wote. Kiwango nilikiacha chini, vilele vya mazoezi vikicheza karibu na desibeli 20 chini ya kikomo, kwa sababu rekodi ya biti 24, yaani ya kidijitali inayonasa hata sauti ndogo bila kuzamishwa na mvumo, haina haja ya kubanwa juu. Wanaoshikilia kwamba lazima sauti ikaribie kikomo bado wanaishi enzi za kanda.

Jingine nililojifunza kwa uchungu ni kutozima mapema. Usiku wa kwanza walinyamaza, nikadhani wamemaliza, nikabonyeza kitufe. Safari hii waliponyamaza niliikalia mikono yangu. Mtu mmoja akakohoa, kiti kikalia, kisha mpiga besi akapitisha upinde upande wa pili wa daraja la nyuzi, na wakaendelea kwa dakika 11 nyingine, ambazo ndizo ninazozirudia kuzisikiliza kuliko zote.