Asubuhi ya Barua ya Uhamisho

Barua ilinifikia Jumatano, na jibu lilitakiwa kabla ya Ijumaa mchana. Ilikuwa fupi: uhamisho, kituo cha mbali, cheo kimepanda kidogo, na chini sahihi ya mkubwa wangu wa kazi, iliyopigwa kwa haraka hadi kalamu ikatoboa karatasi. Kwa mwingine ingekuwa habari njema. Mimi nilikuwa naishi na mama, ambaye alikuwa ametoka kufanyiwa upasuaji wa nyonga, na safari yake ndefu kuliko zote ilikuwa kutoka kitandani hadi mlangoni kwa gongo. Ndugu zangu walikuwa mbali, kila mmoja na yake.

Nilimsomea jioni ile ile. Alisikiliza hadi mwisho, akasema, "Haya mwanangu, tumwombe Mungu." Basi. Namfahamu mama: akishasema hivyo mazungumzo yamefungwa, ukiendelea unajibiwa kwa mguno.

Yeye ni mtu wa sala ya alfajiri tangu nipate akili. Sala yake haina kelele, midomo inacheza tu na sauti haitoki, na akimaliza hukaa kimya kitambo kabla ya kunyanyuka. Mimi nilirithi saa ile ya kuamka, utulivu wenyewe sikuurithi. Sala zangu zilikuwa orodha ya mahitaji, amina, viatu viko wapi. Nadhani wengi tuko hivyo. Tunasema tumesali, kumbe tumemwachia Mungu maagizo.

Ijumaa niliamka saa kumi na nusu alfajiri, kama kuamka ni neno la mtu ambaye hakulala vizuri. Simu niliiacha chumba kingine makusudi, maana ikiwa karibu mkono huifuata wenyewe. Nilikuwa nimemkumbuka mfalme Hezekia, aliyepokea waraka wa vitisho kutoka kwa mfalme wa Ashuru, akaupeleka nyumbani kwa Bwana na kuukunjua mbele zake. Kisa hicho nakipenda kwa sababu hakuanza na maneno, alianza na karatasi. Nami nikailaza yangu mezani. Mikunjo ikawa inainuka, nikaibana kwa Biblia upande mmoja na miwani upande wa pili.

Kuomba kwenyewe nilikuwa na mstari mmoja tu, wa Zaburi ya 143: "Unijulishe njia nitakayoiendea, kwa maana nakuinulia nafsi yangu." Nikausema, nikanyamaza.

Kimya ni kigumu kuliko kinavyosifiwa. Mwanzoni nilisikia kila kitu isipokuwa Mungu: bomba linadondosha, goti linalalamika, gongo la mama linagusa ukuta upande wa pili. Kisha yakaja maswali. Nani atamwinua usiku? Nikikikataa cheo hiki, kitarudi lini? Wazo likija sikugombana nalo, nilirudi kwenye mstari wangu. Napotea, narudi, napotea tena.

Sikutegemea sauti kutoka mbinguni, lakini nilitegemea angalau moyo uegemee upande mmoja. Watu hushuhudia hivyo, wala sina sababu ya kuwabishia. Wangu haukuegemea popote. Kulipopambazuka nilikuwa sijui kwenda wala kubaki, vile vile kama usiku. Ila mabega yalikuwa yameshuka. Kile kilichonikaba kifuani tangu Jumatano hakikuwepo. Nikakitafuta, kama mtu anayepapasa kwa ulimi jino lililokuwa likimuuma. Hakikuwepo kweli.

Nilikuwa nimeomba mwongozo na amani, nikidhani cha pili hakiji mpaka cha kwanza kitangulie. Nikaichukua Biblia iliyoibana barua, nikafungua Wafilipi sura ya 4, pale Paulo anaposema haja zetu zijulikane na Mungu, na amani ya Mungu, ipitayo akili zote, itatuhifadhi mioyo. Maneno hayo nimeyasikia kwenye mahubiri na misibani tangu utoto. Asubuhi ile ndipo nilipoona kwamba pale Paulo haahidi majibu kabla mtu hajanyanyuka magotini. Anaahidi amani. Nikarudi nyuma hadi sura ya 1. Mtu huyo huyo, yuko kifungoni, hajui kama ataishi au atakufa, anaandika: "nitakalolichagua silitambui." Anakiri waziwazi kwamba anasongwa katikati ya mambo mawili. Sura tatu tu zinatenganisha kutojua kwake na ile amani, na miaka yote hiyo nilikuwa nazisoma kama barua mbili za watu wawili. Nikacheka peke yangu.

Mama akagonga ukuta kwa gongo, ishara kwamba naye amemaliza. Nilimkuta ameketi kitandani, shuka mabegani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Umejibiwa?"

"Bado. Wewe je?"

"Mimi sikuuliza kitu. Niliomba uende."

"Na hiyo nyonga?"

"Nyonga ni yangu, kazi ni yako. Dada yako akiweza atakuja. Asipoweza, Mungu hajafa."

Wapo ndugu wa kanisani niliowasimulia haya wakasema, unaona, hapo ndipo Bwana alipokujibu. Mimi sina haraka hiyo. Mama alitaka niende, na matakwa ya mama si unabii. Pengine alichoka kuinuliwa na mimi kila usiku, hilo nalo linawezekana. Ninachoweza kusema ni kwamba nilikaa ukingoni mwa kitanda nikamsikiliza hadi mwisho bila kumkatiza, akieleza nani atalala naye, dawa zipi amezimaliza, na kwamba yeye si mtoto. Jumatano tungegombana kabla hajafika kwenye dawa.

Saa nne nilikuwa mbele ya mkubwa wangu wa kazi.

"Umeamua?"

"Naenda, ila naomba wiki mbili za kumwandaa mama."

"Una uhakika?"

"Hapana," nikamwambia. "Lakini naenda."

Akaniangalia juu ya miwani yake. Akasema kila aliyewahi kumhamisha alimjibu kwamba ana uhakika, na nusu yao walirudi baada ya mwezi kuomba warudishwe. Kisha akavuta kalenda na kunipa wiki tatu.