Samaki Niliowahesabu Vibaya

Nilikuwa katika mwaka wa mwisho wa masomo ya viumbe wa bahari nilipopewa kazi ya kuhesabu samaki katika sehemu mbili zilizokaribiana: moja ilikuwa na nyasi bahari zilizoshonana, na nyingine ilikuwa imekwanguliwa na nyavu za kukokota hata ukabaki mchanga na vishada vya hapa na pale. Niliogelea juu ya kila sehemu nikifuata utepe wa mita 50, kibao cha plastiki mkononi. Nilipopanda mashuani nilikuwa na jibu lililonishangaza mwenyewe, kwani kwenye mchanga nilikuwa nimehesabu samaki wengi zaidi.

Mwalimu aliyetusimamia alikisoma kibao changu, akanirudishia. "Mwanangu, umehesabu samaki, au umehesabu waliokubali kuonekana?" Hakungoja jibu. Alinirudisha majini, safari hii bila utepe, akaniagiza nielee pembezoni mwa nyasi kwa dakika 10 bila kutikisa mguu.

Mwanzoni sikuona kitu ila majani yakilala na kuinuka kwa wimbi. Kisha kitu nilichodhani ni jani kikageuza jicho: alikuwa kinda wa pono, hazidi urefu wa kidole gumba, mwenye rangi ya kijani kilichochujuka na mabaka yaliyofanana kabisa na ukoga uliogandia majani. Baada ya huyo macho yangu yalizoea. Makinda wa tasi walikuwa wakiudonoa ukoga ule ule, na chini yao, kwenye kivuli cha mashina, uduvi walirukaruka kila mchanga ulipotibuka. Nilikuwa nimepita juu ya kundi zima hilo asubuhi nikaandika "hakuna".

Wale wa mchangani, nilivyokuja kutambua, walikuwa chaa waliokuja kuchokora na kolekole, samaki wawindaji, waliokatiza tu. Mashuani mwalimu alinieleza kwamba samaki kadhaa wa matumbawe, changu wakiwamo, hupitisha utoto wao nyasini kabla ya kuhama, kwa hiyo uwanda ukikwanguliwa hasara yake huonekana baadaye, tena mahali pengine. Hata pasipo nyavu nyasi hudhoofika: tope huzinyima mwanga, na maji yenye rutuba nyingi hunenepesha ukoga hadi ukayafunika majani. (Nyasi hizi ni mimea yenye mizizi, maua na mbegu, si mwani, nimelirudia hili mara nyingi mno.)

Alasiri nilihesabu upya, polepole, nikitenga makinda na wakubwa. Nyasini kibao kilijaa kabla sijafika nusu ya utepe. Upande uliokwanguliwa niliona makinda wawili tu, wote wamejibanza katika kishada kimoja kisichozidi upana wa kofia, na kolekole akizunguka juu yake.