Vichupa viwili

Mwaka wangu wa kwanza wa shahada ya uzamivu, msimamizi aliniita ofisini akaniwekea mezani vichupa viwili. Kimoja kilijaa nzi wa matunda. Kingine kilionekana kina maji machafu tu, mpaka aliponiambia humo mna dubu-maji, viumbe wa miguu minane ambao wengi hawafiki hata milimita moja. "Chagua," akasema, akarudi kwenye karatasi zake.

Nzi nilimjua. Mwanajenetiki Thomas Hunt Morgan aliripoti yule wa macho meupe mwaka 1910, jenomu ya nzi huyo, yaani maelezo yake yote ya kurithi, ikachapishwa mwaka 2000, na kizazi kipya unakipata kwa siku kumi hivi. Ukitaka nzi mwenye kasoro fulani, unaagiza, unaletewa. Shida ni kwamba kila swali nililoandika daftarini nilikuta lina wenyewe. Moja tu lilisalimika, nikalilea mwezi mzima. Asubuhi moja nikafungua jarida nikalikuta limejibiwa, michoro karibu ni ileile yangu. Nilikwenda kuosha vyombo vya maabara, na wala haikuwa zamu yangu.

Nikachukua kichupa cha pili. Nilijipa moyo kwa mwanabaiolojia Sydney Brenner, ambaye mwaka 1963 alimwandikia Max Perutz, mkuu wa maabara yake, kwamba karibu maswali yote ya jadi ya baiolojia ya molekuli ama yameshajibiwa au yatajibiwa ndani ya miaka kumi, kisha akageukia kijinyoo ambacho wenzake wachache sana walikijali. Kisa hiki husimuliwa sana kwa wanafunzi. Kinachorukwa ni kwamba makala yake kuu juu ya jenetiki ya kijinyoo hicho ilitoka mwaka 1974. Ufadhili wangu ulikuwa wa miaka mitatu.

Wazo nilikuwa nalo, tena zuri. Nilichokosa ni kujua dubu-maji wanakula nini. Miezi minne nikawa bingwa wa vyakula wanavyovikataa, huku wenzangu wa nzi wakiwasilisha grafu zao. Kisha siku moja, baada ya kubadilisha mwani kwa mara ya sita, nikaona chini ya darubini mmoja ana mstari wa kijani tumboni, unaonekana wazi kupitia ngozi yake. Nilimwita hadi mfagizi aje aone.

Kwenye ripoti ya nusu mwaka, mahali pa matokeo, niliandika neno moja: "Wanakula." Msimamizi alilipigia mstari, akaandika pembeni: "Wangapi?"