Siku Moja Maishani Mwangu: Dereva wa Wageni, Mombasa

Saa 9:30 usiku, Miritini

Treni iliyotoka Nairobi saa 4 usiku inakaribia. Teksi zimejipanga, tuktuk zimejibana pembeni, makanga wa matatu za mjini wameshaanza kuita. Wanaoshuka hapa wengi hudhani wameshafika mjini. Bado. Kituo cha treni hii ya Madaraka Express kiko bara, na uwanja wa ndege wa Moi uko bara vilevile. Kisiwa chenyewe kiko ng'ambo ya daraja la Makupa. Kwa hiyo kabla ya salamu kupoa namuuliza mgeni: unalala wapi? Kisiwani, kaskazini (Nyali, Bamburi, Mtwapa) au kusini (Likoni, Diani)? Bei, njia na chombo cha kupanda vyote vinategemea jibu hilo.

Wa Diani simwingizi kisiwani kabisa. Barabara ya Dongo Kundu inaanzia huku huku Miritini, inapita madaraja ya Mwache na Mteza na kutokea Kibundani, upande wa kusini. Feri hakuna, foleni ya Changamwe hakuna. Dereva akikwambia lazima mpitie Likoni, muulize kwa nini.

Bei ipatanwe kabla begi halijaingia kwenye buti, na uulize hivi: "Ni ya gari au ya kichwa?" Ugomvi mwingi wa hapa kituoni huzaliwa na hilo neno la pili, yaani kila abiria alipe yake. Matatu ni rahisi zaidi, lakini sanduku kubwa hulipiwa kiti.

Saa 12:15 asubuhi, Likoni

Wimbi la watu la asubuhi linatoka Likoni kuja kisiwani kwa feri, la jioni linarudi. Anayevuka kwenda kusini saa hizi anakwenda kinyume na watu, hapati shida.

Mtembea kwa miguu halipi, gari linalipa. Mgeni mwenye begi la mgongoni tu namshauri avuke kwa miguu: magari yana foleni yake, na anayetembea huwa ameshafika ng'ambo huku teksi ingali inasubiri zamu. Ukishuka, panda mteremko hadi stendi, chukua matatu ya Ukunda, mji ulio jirani na Diani, kisha tuktuk au boda hadi ufukweni. Matatu haikufikishi mlangoni mwa hoteli.

Ukiwa na gari: zima injini, vuta breki ya mkono, acha gari kwenye gia. Septemba 2019 gari liliserereka kutoka kwenye feri hapa na kuzama na waliokuwemo, mama na mtoto wake. Angalia na maji pia. Siku za bamvua (bahari inapojaa na kupwa kupita kawaida), maji yakitoka sana, feri hukaa chini na mlango wake unafanya pembe kali na gati. Gari lenye tumbo la chini hukwaruza bampa hapo, hasa likiwa limejaa watu na mizigo. Ingia taratibu, au subiri maji yapande.

Abiria wa mabasi yanayopita Likoni hushuka na kuvuka kwa miguu, basi likavuka peke yake. Shika namba ya usajili ya basi lako kabla hujashuka. Ng'ambo yote yanafanana. Pesa na pasipoti usiziache kitini.

Saa 3 asubuhi, uwanja wa ndege

Hapa sina mengi. Ndege kutoka Nairobi huchukua kama saa moja. Teksi za kwenye programu za simu zinapatikana. Aendaye Diani angetafuta kwanza ndege ya Ukunda, imwondolee safari yote hii.

Saa 5 asubuhi, Mji wa Kale

Gari naliacha karibu na Fort Jesus. Vichochoro vya ndani ni vya miguu, na tuktuk kwa baadhi yake. Tuktuk hubeba abiria watatu nyuma. Begi moja kubwa huingia nyuma ya kiti, la pili linakaa miguuni, la tatu ni tuktuk nyingine. Mvua ikinyesha bei hupanda papo hapo, na hakuna wa kubishana naye.

Saa 6:30 mchana, kurudi Miritini

Treni za kwenda Nairobi hutoka saa 2 asubuhi, saa 9 alasiri na saa 4 usiku. Ya asubuhi husimama vituo vya njiani, Voi ikiwemo, kwa hiyo ndiyo ya mwenye kwenda mbuga za Tsavo.

Kwa treni ya saa 9 natoka kisiwani saa 6:30. Malori ya bandarini yakiziba Changamwe, mwendo wa nusu saa hugeuka saa moja na nusu. Ukifika, mabegi hupangwa chini kwa mstari, mbwa wanusaji hupita, kisha mashine. Kisu na pombe haviingii.

Tiketi hununuliwa mtandaoni au kwa *639#, malipo kwa M-Pesa. Tangu Januari 2024 daraja la kawaida ni Sh1,500 na la kwanza Sh4,500. Kosa la kawaida: baba anakatia familia nzima kwa jina na kitambulisho chake mwenyewe. Kila tiketi iwe na namba ya pasipoti au kitambulisho cha atakayeisafiria, la sivyo anabaki langoni. Wikendi na sikukuu daraja la kawaida huisha mapema.

Saa 11:30 jioni, Nyali

Daraja la Nyali, lililofunguliwa 1980, ndilo linalobeba mzigo wa kaskazini, na saa hizi kila mtu anatoka kisiwani. Mwenye miadi ya chakula cha jioni Bamburi avuke kabla ya saa 10:30, au akae mjini hadi saa 2 usiku.

Saa 2:30 usiku, Mwembe Tayari

Mabasi ya usiku ya Nairobi yanapakia. Kila kampuni ina ofisi yake, kwa hiyo kata tiketi ndani, si kwa kijana aliyekushika mkono barabarani.

Hapa nina mgeni wa kesho wa Lamu. Nimemweleza: basi linaishia Mokowe, kutoka hapo ni boti, na akishafika mjini Lamu asitafute teksi. Ni miguu, na mzigo ukizidi, punda.